Safari ya Mafia Iliyoishia Tura

Siku tuliyomzika pacha wangu Kulwa, Binti Pazi aliburuta kiti akakiweka katikati ya mlango wa sebule, akakaa, akasema maiti haitoki. Siku hizi yeye ni bibi kizee wa kushikwa mkono akipanda ngazi, lakini hakuna aliyethubutu kumwondoa. Binti Pazi ni Mzaramo wa Kisiju. Alikuja Tabora na mume aliyekuwa mtu wa reli, mume akafa, yeye akabaki. Na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wakipeleka misafara pwani na kulala kwao njiani. Msibani mtani ana mamlaka kumshinda mchungaji. Akimcheka marehemu, nawe unacheka. Akitaka kitu, unatoa. Basi jeneza la mninga liko mabegani mwa vijana wa karakana, mchungaji ameshafunga kitabu chake, na bibi yule kavaa kofia ya marehemu na koti lake la kazi, mifuko bado ina vumbi la mbao. Akawaamuru watoto wa Kulwa washushe ule ubao mrefu uliochongoka mbele, uliotundikwa ukutani juu ya televisheni, ambao wageni wa nyumba ile huudhania ni mlango ulioharibika. Ukalazwa sakafuni. Binti Pazi akapanda juu, vijana wawili wamemshika kiuno, akakunja magoti kadiri alivyoweza, akatanua mikono, akayumba huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya Kulwa, ile sauti ya kuamrisha iliyonisumbua maisha yangu yote: "Doto, sogea! Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Naanza mimi!"

Watu walicheka, na mimi niliyekuwa sijala wala kusema tangu juzi yake nilicheka mpaka nikaketi chini, kisha kicheko kikageuka kilio bila mimi kujua kimegeukia wapi. Wanaukoo wakampa noti, kama inavyotakiwa. Akarudi kitini, akajipepea nazo, akazirudisha. "Sitaki hela zenu, wapagazi. Huyu bwana alisema ubao huu utafika baharini. Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Haendi kaburini na uongo. Niambieni unafika lini, na nani atasimama juu yake, ndipo nitainuka." Waliokuwa wadogo wakatazamana, maana hawakujua habari yenyewe. Waliojua walinitazama mimi. Na mimi nilikuwa nautazama ubao, jinsi nta ilivyokolea kwenye maungio yake, na mwaka ule wote ukanirudia pale pale, mbele ya jeneza.

Mwaka ule mimi na Kulwa tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, tumekigawa kwa pazia la khanga, dada huku na kaka kule. Upande wangu kulikuwa na cherehani na vitambaa vya watu, upande wake kitanda, na randa na patasi chini yake, na chumba kizima kilinuka mafuta ya cherehani na mninga mbichi. Mimi nilikuwa nashona, yeye alikuwa anajifunza useremala kwa Fundi Mrisho, mzee mwenye imani moja tu katika maisha, kwamba mti ni mninga na miti mingine ni kuni. Jioni tulikula kwa Binti Pazi, aliyekuwa na banda lake la chakula nyuma ya stesheni. Sikuwahi kula tena chakula kama kile. Alipika kunde, alipika nsansa za kwetu, yale majani makavu ya kunde, kwa karanga akajifanya hazipendi, na siku nazi zilipofika na treni kutoka Dar es Salaam alipika wali ambao harufu yake iliwatoa watu madukani. Tukimwamkia shikamoo, anaitikia, "Marahaba, mizigo yangu, tueni mle." Wateja walikuwa wafanyakazi wa reli, wauza asali, abiria waliochelewa kusafiri, na wote walilazimika kusikiliza anavyotusimanga. Kwamba Mnyamwezi akiona kilima anatafuta cha kubeba juu yake. Kwamba babu zetu walipofika pwani waliyaonja maji, wakauliza nani kamwaga chumvi. Na sisi tulimjibu kwamba Mzaramo akiishiwa mnazi anakufa, ndiyo maana yeye kila treni ikipiga honi anatoka mbio kutazama nazi.

Hayo mambo ya mawimbi yalitoka kwenye kibanda cha video. Jumamosi mchana tulikwenda kutazama filamu za karate, na kulikuwa na mkanda mmoja uliorekodiwa juu ya mkanda mwingine. Karate ilipokwisha, kile kilichofunikwa kilichungulia kwa muda mfupi kabla ya kioo kujaa chenga: bahari, wimbi limeinuka refu kama ukuta wa godauni, na mtu mmoja amesimama juu ya ubao anateremka nalo, mikono wazi, hana haraka. Watu wengine walikuwa wameshainuka kutafuta viatu vyao. Mimi na Kulwa tulibaki. Tuliurudia mkanda ule wiki nyingi, tukivumilia karate yote kwa ajili ya kile kipande cha mwisho. Siku moja tulipotoka nje kwenye jua, Kulwa alisimama katikati ya barabara akaniambia, "Doto, ule ni ubao. Hakuna kingine pale. Ni ubao tu, na mimi ni fundi wa mbao." Nikamwambia mimi ndiye nitaanza kuupanda. Akanitazama kama mtu aliyeombwa meno yake. Yeye alinitangulia tumboni kwa muda wa kuchemsha chai, na muda huo aliutumia kama cheo: alianza yeye kuoga, alianza yeye kuchota mboga, alianza yeye kusema sala. Nami sikuwa na silaha ila methali. Kutangulia si kufika, nilimwambia, na nilimwambia hivyo karibu kila siku.

Tulipomweleza Binti Pazi kwamba tunakwenda baharini kusimama juu ya maji, aliacha mwiko ndani ya sufuria. Kwanza hakututania, na hilo lilitutia hofu. Akauliza, "Wapi?" Tukasema Unguja, maana mtu wa Tabora akisema kisiwa anasema Unguja. Akasonya. "Unguja kila mtu anakwenda. Nendeni Mafia." Mtu mmoja wa reli aliyekuwa anakula pale akauliza Mafia kuna nini. "Kuna shangazi yangu," akasema, kana kwamba hilo linatosha, kisha akaeleza: unashuka kwao Kisiju, unapanda boti, unafika, upande wa huku bahari imelala kama uji uliopoa, lakini ukivuka kwenda kisiwa cha Juani ukatokea nyuma, kwenye bahari kuu, maji yanakuja yamejikunja yanapiga mwamba, utadhani mabehewa yanagongana. Alipokuwa msichana aliyatazama siku nzima akasahau kuni alizotumwa. Aliposema hayo uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo. Kulwa akaazima atlasi kwa mwalimu jirani yetu, tukaitafuta Mafia kwa ncha ya sindano yangu, tukaipata, imekaa peke yake baharini, ndogo kama punje ya ulezi. Tangu siku ile hatukuwa na mazungumzo mengine. Tungelala wapi, kwa shangazi. Tungekula nini, matobolwa, viazi vyetu vilivyochemshwa na kuanikwa, chakula cha safari tangu zamani. Nguo gani inafaa kuvaliwa, kwa hilo nilishona kaptula mbili za dengrizi nikajaribu yangu chumbani, pazia limefungwa, moyo unanienda mbio. Kisha jioni moja, katikati ya wali, Binti Pazi akauliza kwa upole, "Na kuogelea mnajua?" Kulwa akaacha kutafuna. "Kwani si tutakuwa tumesimama?" akasema. Banda zima lilicheka mpaka chai ikamwagika, na kwa muda mrefu baadaye mtu yeyote wa stesheni akituona alituuliza kama bado tumesimama.

Basi tukajifunza kuogelea bwawani Igombe, Jumapili baada ya ibada, na huko ndiko tulikopeleka ubao wa kwanza. Kulwa aliuchonga kwa mninga. Hakuna aliyemshauri vinginevyo, maana Tabora kitu ukikiheshimu unakitengeneza kwa mninga: mlango, kitanda, jeneza. Fundi Mrisho mwenyewe alichagua nguzo, akaipapasa, akasema hii haitaliwa na mchwa hata mkiiacha huko baharini. Kulwa aliuranda ukang'aa kama meza ya harusi. Tatizo ni kwamba haukubebeka. Tuliukodia mkokoteni, tukausukuma njia nzima hadi Igombe na watu wanauliza nani kafiwa, tukauteremsha majini wanaume wanne wakisaidia, na ukaelea, nisiuseme vibaya, ukaelea ila mgongo tu ndio ulioonekana, kama kiboko anayesinzia. Kulwa akaanza yeye, bila shaka. Akalala juu yake, ubao ukateremka naye taratibu bila fujo mpaka maji yakamfika shingoni, na akabaki hivyo, amelala vizuri kabisa chini ya maji, kichwa nje, ananitazama. Sijawahi kumpenda ndugu yangu kama dakika ile. Binti Pazi tuliyemwalika aje kushuhudia alikaa kwenye nyasi akafuta machozi kwa upande wa khanga. "Loo! Miaka yote wamebeba mizigo ya watu, leo mzigo umempakata Mnyamwezi." Ubao ule aliuchukua yeye kwa haki ya utani, akauwekea miguu, na ukawa benchi la banda lake. Wasafiri walikaa juu yake hadi banda lilipobomolewa, na haukuliwa na mchwa.

Ubao wa pili tuliupata kwenye mzinga wa nyuki. Mjomba wetu wa Sikonge alikuwa amekuja mjini na mizinga mitupu ya kutengenezwa, na Kulwa alipoinua mmoja begani akasimama nao vile vile, muda mrefu, mpaka mjomba akadhani kaumwa na kitu. "Nje mti, ndani hewa," Kulwa alisema. Akarudi karakana akapasua mbao nyembamba, akajenga mifupa ndani kama ya mtumbwi, akaziba juu na chini, na maungio yote tukayajaza nta, tukiyeyusha kwenye kopo juu ya jiko langu la mkaa. Fundi Mrisho alikataa kuutazama, akasema hilo ni sanduku la njaa. Lakini uliinuliwa na mtu mmoja, na Igombe ulikaa juu ya maji kama bata. Kulwa alianza, nikafuata, tukaweza hata kupiga magoti juu yake, maji yametulia, hakuna wimbi ila lile tulilolifanya wenyewe. Nakumbuka nilipiga magoti pale katikati ya bwawa nikatazama miti ya miombo ng'ambo ya pili, nikaona naweza kwenda popote. Shida ikawa nyuki. Walinusa nta, wakaanza kuja chumbani kwetu asubuhi mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mwenye nyumba akatupa muda hadi mwisho wa wiki tuhame. Nikaushonea ubao mfuko wa turubai, nyuki wakatembea juu ya turubai. Hata tulipokwenda stesheni siku ya safari, tulisindikizwa na Binti Pazi, mjomba, na nyuki.

Treni iliondoka Tabora mvua ikinyesha. Tulikuwa daraja la tatu, ubao tumeulaza juu ya vichwa vya watu kwenye chanja ya mizigo, gunia la matobolwa miguuni, na salamu za shangazi wa Juani tumezikariri kama mistari ya Biblia. Kulwa alitaka kiti cha dirishani, akaanza yeye. Tulipofika Tura treni ikasimama, ikaendelea kusimama. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli huko mbele, ikawa hakuna kwenda. Wasafiri wa zamani waliipita Tura wakitoka kwenye pori kavu la Mgunda Mkali wakamshukuru Mungu kwa maji. Sisi maji ndiyo yaliyotukamata. Tulikaa pale siku mbili. Watu wa kijiji waliuza kuku wa kuchemsha, mayai, viazi, wakatuonea huruma na kutupandishia bei kwa wakati mmoja. Katikati yao kulikuwa na msichana mmoja mrefu, jina lake Nyamizi, aliyekuwa na asali kwenye chupa na hana pa kuziweka pasipolowa. Kulwa akashusha ubao wetu, akaulaza juu ya mapipa mawili chini ya paa la ukumbi wa stesheni, ukawa meza yake. Mimi nilibaki ndani ya behewa nikijifanya nimelala, na dirisha lilikuwa wazi.

"Hiki ni kitu gani?" Nyamizi akauliza.

"Cha kusimamia juu ya bahari."

"Bahari gani, hapa Tura?"

"Tunakwenda Mafia."

"Mafia ndiko kwenu?"

"Hapana. Kwetu Tabora. Tunakwenda kusimama tu, halafu tunarudi."

Nyamizi akapapasa nta ya ubao. Mvua ikasikika juu ya mabati. "Mtu anasafiri siku zote hizo kwenda kusimama," akasema. "Basi nionyeshe mnavyosimama." Nikainua kichwa. Kulwa alihamisha chupa moja moja kwa adabu, akaulaza ubao sakafuni, akapanda, akakunja magoti, akatanua mikono kwenye ukumbi ule uliojaa abiria na kuku, na nyuki wa asali na nyuki wa nta wakimzunguka. Hakutikisika hata kidogo. Nyamizi alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena, na mimi pale dirishani nilielewa kwamba safari yetu imefika. Nilikasirika. Sitaki kusema uongo, nilikasirika sana, maana mimi nilikuwa naitaka bahari yenyewe, nilikuwa na kaptula yangu ndani ya gauni. Treni iliporudishwa Tabora kinyumenyume, Kulwa aliniachia kiti cha dirishani bila mimi kuomba. Kisha akaniambia, "Safari haijafa, Doto. Tutakwenda. Na tukifika utaanza wewe. Mimi nimeshaanza vya kutosha." Ilikuwa mara ya kwanza maishani kunipa zamu. Stesheni Binti Pazi alikuwa anatungojea. Aliupapasa ubao, akaona ni mkavu. "Babu zenu walikwenda kwa miguu na jino la tembo kichwani, wakafika," alisema. "Ninyi mna tiketi." Kulwa akarudia mbele yake ahadi aliyonipa, akaapa.

Hatukwenda. Mwaka uliofuata ulikuwa wa harusi yake na Nyamizi, uliofuata wa mtoto, kisha karakana ikawa yake, mimi nikapata duka langu, nikaolewa, nikaachika, nikafurahi. Kila kiangazi mmoja wetu alisema, mwaka huu. Sikuwa na kinyongo. Nilikula Jumapili nyingi nyumbani kwao, chini ya ubao ule, na kila mwaka kabla ya mvua Kulwa aliushusha akaupaka nta mpya ili usipasuke, watoto wakafunga madirisha kwa ajili ya nyuki. Wajukuu wangu wananionyesha kwenye simu watu wakiteleza juu ya mawimbi makubwa kuliko yale ya mkanda, na mimi nawaambia vizuri, lakini moyoni naona ukumbi wa Tura. Ulikuwa mwaka mwema. Nimewahi kufikiri kwamba ulitutosha.

Ila mlangoni palikuwa na Mzaramo na kiti chake, na jeneza linawalemea vijana. Mchungaji akakohoa. Nikainuka sakafuni, nikajifunga khanga vizuri.

"Mtani, toka njiani," nikamwambia.

"Unafika lini?"

"Mvua zikiisha."

"Nani atasimama?"

"Mimi."

Watu wakaguna. Binti Pazi akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akachelewa magotini. "Na magoti hayo?"

"Ndiyo haya. Aliniahidi nianze mimi."

Hakutania tena. Alivua kofia ya Kulwa akanivika mimi, ilikuwa kubwa na ilinuka mninga, nikahisi vumbi likinishukia shingoni. Akainuka, akakisogeza kiti mwenyewe. "Haya, mtoeni," akawaambia vijana. "Makaburini katangulia yeye. Mafia atatangulia Doto. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu alizivua zamani."

Mvua zimeisha. Ubao uko chumbani kwangu, nimeupaka nta kwa kidole gumba, nyuki wameshaanza kuja, na mfuko mpya wa turubai nimeumaliza jana. Kaptula nimeshona nyingine, ya zamani haipandi. Jumapili wanangu wananipeleka Igombe. Bado naogelea kama chura, lakini sizami. Binti Pazi anakwenda nasi, anasema mtani lazima ayaone malipo yake kwa macho, na ameshaanza kuniuliza kama Juani nitatafuta cha kubeba. Nyamizi pia anakwenda. Ndiye anayeanika matobolwa, kimya, akitabasamu peke yake, na juzi alinishika mkono akanitaka tukubaliane jambo moja kabla ya kukata tiketi. Tumekubaliana. Treni ikisimama Tura, hakuna kushuka.